Msalaba wa Shaba katika Shamba la Mama Feza

Siku yangu ya kwanza kazini niliwadanganya wanafunzi arobaini na mmoja. Naliandika hili mwanzoni ili ninyi vijana mnaoanza kufundisha historia msije mkaniona mtu mkubwa.

Ilikuwa kule ng'ambo, upande wa Kongo, katika shule ya kando ya ziwa Mweru ambayo madirisha yake hayakuwa na vioo wala mbao. Nilikuwa nimevaa kikwembe kipya, nimechora piramidi nzuri ubaoni, nikaeleza mambo ya Misri ya kale mpaka nikajipendeza mwenyewe. Ndipo msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Madame, ile majiwe makubwa, balipandisha namna gani mupaka kule yulu?"

Sikujua. Lakini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na kusema sijui niliona ni aibu kama kuanguka matopeni siku ya harusi.

"Na makina," nikasema, yaani mashine.

"Makina ya mafuta?"

"Ya mafuta."

Wote wakaandika. Prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, Mzee Kilufya, alikuwa amesimama nje ya dirisha. Alisubiri mpaka wanafunzi walipotoka. Alikuwa mtu mwembamba, na koti lake moja la kijivu alilivaa hata siku za joto kali.

"Madame Kabange," akaniambia, "kule Misri ya zamani, ile mafuta balikuwa banauzaka ku stasio gani?"

Nikainama. Akachukua kipande cha chaki, akakivunja katikati ili kisipige kelele ubaoni (jambo hilo nalo sikulijua), akagawanya ubao sehemu tatu. Juu ya ya kwanza akaandika TUNAJUA, ya pili TUNAZANI, ya tatu HATUJUE.

"Mutoto akiuliza kitu haujue, unatia hapa," akasema, akigonga sehemu ya tatu. "Hapa njo masomo inaanziaka. Kesho utasahihisha ile makina yako. Kisha leta batoto ku kivuko."

Kesho yake nilisahihisha. Watoto walicheka mpaka mwalimu wa hesabu akaja kuuliza kuna nini. Halafu tukateremka ziwani. Mzee Kilufya alikuwa ameazima mtumbwi wa mvuvi mmoja aliyeitwa Papa Ilunga, na Papa Ilunga mwenyewe alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, akitushuku. Tuliujaza mtumbwi mawe, tukaufunga kamba, wanafunzi wakavuta juu ya mchanga mkavu. Mtumbwi ukatia pua mchangani kama nguruwe, ukakataa. Tukamwaga maji mengi mbele yake, pakawa matope, ukakataa tena. Kisha Papa Ilunga akashindwa kuvumilia.

"Munafanya nini ile? Si mayi mingi! Mayi kidogo!"

Akanyunyiza maji kidogo kwa kibuyu, akitembea kinyumenyume mbele ya mtumbwi, na watoto wakavuta. Mtumbwi ukateleza vizuri hivi kwamba wavutaji wa mbele waliangukiana. Hapo ndipo Mzee Kilufya alipofungua kitabu chake na kutuonyesha picha ya kale kutoka Misri: sanamu kubwa juu ya sleji ya mbao isiyo na magurudumu, watu wengi wanavuta kamba, na mbele kabisa, mtu mmoja anamwaga maji mchangani. Akatuambia kwamba kwa muda mrefu wasomi walidhani mtu yule anafanya ibada.

Papa Ilunga akaitazama picha. "Ule si pasta," akasema. "Ule eko na akili."

Tuliporudi darasani niliandika jambo la maji chini ya TUNAJUA. Namna mawe yalivyopandishwa juu kabisa, Mzee Kilufya alinilazimisha niiache chini ya HATUJUE, ingawa watoto walikuwa na majibu saba tayari. Nilifundisha chini ya mzee yule miaka kumi na mitatu. Kuhusu mishahara ya miaka hiyo sitasema kitu. Ni moja ya mafumbo ya historia ambayo wasomi bado hawajayafumbua.

Mtapata siku ambapo wazazi watakuja juu. Mimi nilipata yangu kwa sababu ya muhogo. Nilikuwa nafundisha zile safari za merikebu zilizovuka bahari kubwa na kubadilisha dunia, nikaeleza kwamba muhogo na mahindi vilifika Afrika kutoka Amerika. Darasa lilinitazama kana kwamba nimetukana mtu. Asubuhi iliyofuata baba mmoja aliingia ofisini na kapu, akamwaga mihogo juu ya meza ya prefe, na udongo wake wote.

"Madame, uangalie muzuri. Hii nayo inatoka Amerika?"

"Hii imetoka katika shamba lako, Papa. Lakini babu yake alitoka kule."

"Na babu yetu ya zamani, mbele ya ile, balikuwa banakulaka bukari ya nini?"

"Ya masaka na ulezi."

Akafikiri. Aliufikiria ugali wa mtama na ulezi na mababu zake wote pamoja. Mwishowe akaanza kuirudisha mihogo kapuni, mmoja mmoja.

"Njo maana balikuwaka bakali," akasema, na akaniachia miwili mikubwa kwa ajili ya jioni.

Vita vilipokaribia, tulivuka. Sitaeleza sana habari ya kuvuka. Waliovuka wanaijua, na wasiovuka wasiombe kuijua. Nilifika Nchelenge, upande wa Zambia, na mabinti zangu wawili, mfuko wa nguo, na kitabu cha Mzee Kilufya ambacho alikuwa ameniachia kabla ya kufa. Mwanamke mmoja muuza samaki, ambaye hakunijua hata kidogo, akanisalimu kwa heshima, "Mwapoleni mukwai," akatusogezea benchi lake tukae. Kibemba changu kilianza pale, na neno la pili nililojifunza lilikuwa la kushukuru.

Kutoka hapo tulipelekwa Mantapala, kambi ya wakimbizi. Darasa langu la kwanza huko lilikuwa chini ya karatasi ya plastiki. Ubao ulikuwa mlango wa nyumba ya mtu, tumeupaka unga wa makaa uliochanganywa na maji ya majani ya sombe, yaani kisamvu. Shikeni hesabu hiyo: makaa sehemu mbili, majani sehemu moja, na msipake siku ya mvua. Siku ile nilitaka kuanza na mageuzi makubwa ya dunia, jinsi uchapaji wa vitabu ulivyoanza, jinsi falme zilivyoanguka. Mvulana mmoja akauliza swali ambalo sijasahau.

"Madame, siye kukimbia, iko mu istwari ao haiko?"

"Iko," nikamwambia. "Ni historia kabisa."

"Ku ukurasa gani?"

Nikamwambia ukurasa bado haujaandikwa. Basi tukauandika, kila mtu mistari mitano, kwa kalamu tatu zilizozunguka. Wengi waliandika habari za kuku walioachwa. Nilizisoma zote kwa sauti, na tulicheka sana kwa ajili ya kuku wale, na kucheka kule kulitusaidia kuliko maneno yote niliyokuwa nimeyatayarisha.

Baadaye shule ya kweli ikajengwa, yenye kuta na bati. Watoto wa wakimbizi na watoto wa vijiji vya jirani wakakaa pamoja. Masomo yakawa kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa, lakini wanafunzi walinivumilia, nami nikawavumilia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikae niandike. Lilitokea mwishoni kabisa, nilipokuwa nimebakiza majuma sita nistaafu.

Mama Feza, mjane wa kutoka upande wa Pweto kule Kongo, alikuwa na shamba lake karibu na kijito. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, naye alikuwa akilima matuta ya viazi vitamu. Jembe likagonga kitu kigumu. Alichimbua kwa vidole, akakitoa kitu kizito, cha urefu wa kiganja, chenye mikono minne minene, kimegeuka kijani kwa uzee. Alikiosha kijitoni. Kilikuwa msalaba wa shaba.

Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wamejaa. Pasta Mwepu, mtu mwema mwenye sauti kubwa, alisema ni muujiza, Mungu ameuotesha msalaba katika udongo wa wakimbizi, na kwamba nyumba ya maombi ijengwe palepale. Watu wakaimba, wakacheza, na matuta ya Mama Feza yakakanyagwa yote.

Kesho yake akaja Ba Chanda, mkuu wa kijiji cha jirani. Yeye hakuimba. Alisema ardhi ile ilikuwa ya wazee wake kabla haijatolewa kwa wageni. Kama kuna kitu cha kale chini yake, basi ni kaburi, na hakuna mtu anayelima viazi juu ya kaburi. Shamba lirudishwe, na mwanamke atafute mahali pengine.

Jioni ile Mama Feza alikuja kwangu. Hakuketi.

"Madame, weye unajuaka bintu bya zamani. Uende ubaambie. Ile shamba njo batoto yangu banakulaka. Nikiitoa, nitaanza tena? Nimeanza mara tatu. Nimechoka kuanza."

Nilitaka kumwambia nimezeeka, kwamba ningependa kumaliza kazi kwa amani. Badala yake nikamwambia aniazime msalaba.

Ilitokea kwamba binti yake, Aline, alikuwa katika darasa langu, na Bwalya, mjukuu wa Ba Chanda, alikaa naye dawati moja. Tangu jana yake hawakuwa wamesemezana. Walikuwa wameweka mfuko wa daftari katikati yao kama mpaka. Niliuweka msalaba juu ya mfuko ule.

"Ninyi wawili ndio mtaongoza uchunguzi," nikasema. "Darasa zima litafanya kazi, lakini ninyi mtajibu mbele ya wazee Jumamosi."

"Mimi na huyu?" Bwalya akauliza.

"Wewe na huyu."

Tuligawanya ubao sehemu tatu. Waliuchora msalaba, wakaupima kwa rula, wakaulinganisha uzito na mfuko wa chumvi. Niliwakataza kuusugua, maana ule ukijani ni ushahidi. Waligundua wenyewe kwamba upande mmoja ulikuwa bapa na mwingine una mgongo, kwa hiyo mtu alimimina shaba ya moto katika umbo lililochongwa udongoni. Nikawaeleza yale tunayojua: kwamba kule Katanga watu walikuwa wakichimba shaba na kuiyeyusha karne nyingi kabla ya migodi ya sasa, kwamba misalaba ya namna hii ilipita mikono ya watu katika nchi nyingi, na kwamba kando ya ziwa Kisale, kulekule Katanga, yamepatikana makaburi ya kale ambamo wafu walizikwa na misalaba midogo mikononi au kifuani.

Bwalya akaruka. "Basi babu ana haki! Ni kaburi!"

Aline alitazama chini. Nilimwambia Bwalya asiandike bado. Kwanza twende tuone.

Tulimwomba Ba Chanda ruhusa, naye akaja pamoja nasi, amekunja uso. Hatukuchimba. Tulitazama tu lile shimo la jembe na ukingo wa kijito. Hapakuwa na mfupa, chungu, wala shanga. Aline ndiye aliyepiga magoti na kuchukua konzi ya udongo.

"Angalia, Bwalya. Ni changarawe. Hii ni ya kijito. Zamani mayi ilikuwa inapitaka hapa."

Bwalya naye akapiga magoti. Waliichambua changarawe ile muda mrefu, vichwa vyao vikigusana, na Ba Chanda akawatazama. Nani angemzika babu yake katikati ya mto?

Siku iliyofuata Bwalya alimpeleka Aline, pamoja na msalaba, kwa mama yake Ba Chanda, bibi ambaye alikuwa akianika dagaa juu ya mkeka. Walirudi wakikimbia. Bibi alikuwa ameuliza ni kitu gani kile, akakishika, akacheka, akasema kwamba alipokuwa mdogo bibi yake alimsimulia habari za vipande vya mukuba, yaani shaba, vilivyotolewa kama mahari. Mwanamke mmoja wa ukoo wao aliolewa kwa vipande viwili vya namna hiyo. Na alitoka wapi mwanamke yule?

"Ng'ambo," Bwalya akasema, akihema. "Bibi anasema alitoka ng'ambo. Alivuka kwa mtumbwi, akalia njia nzima, kisha akazaa watoto tisa."

"Njo weye mukongomani," Aline akamwambia.

"Wewe ndiye Mbemba bila kujua," Bwalya akajibu, na mfuko wa daftari sikuuona tena katikati yao.

Jumamosi asubuhi watu walijaa uwanja wa soko la kambi. Nilikuwa nimepanga Aline aseme kwa Kiswahili na Bwalya kwa Kibemba. Walikuwa wamepanga vingine bila kuniambia. Aline alisimama akasalimu kwa Kibemba, akaendelea kwa Kibemba, akikosea hapa na pale, na watu wa kijiji wakamsahihisha kwa kelele na vicheko. Kisha Bwalya akasimama akasema Kiswahili cha sokoni, kile ambacho watu wa kwao hutumia kuuliza bei ya samaki tu. Wamama wa Kongo walipiga vigelegele kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Walieleza yote: tunayojua, tunayodhani, tusiyoyajua. Kwamba shaba ilitoka upande wa magharibi wa ziwa. Kwamba huenda mtu aliuangusha msalaba akivuka kijito, au aliuficha. Kwamba jina lake hatulijui wala hatutalijua.

Pasta Mwepu akasimama. "Swali moja tu. Ni musalaba wa Yesu ao si wa Yesu?"

Bwalya alinitazama. Nikageuza uso, ilikuwa kazi yake.

"Pasta, tunazani ni ya zamani kuliko kanisa ya kwanza ya hapa," akasema kwa heshima. "Bale batu balipenda tu ile fomu. Ilikuwa rahisi kubeba."

Pasta akatabasamu.

"Alors, Mungu alituma musalaba mbele, kisha bapasta. Alijua siye tunachelewaka!"

Watu walicheka mpaka wauza nyanya wakasahau wateja. Lakini Ba Chanda hakucheka. Alimgeukia mama yake, aliyekuwa ameletwa na kukalishwa kwenye kiti cha plastiki, akamuuliza kwa Kibemba kama habari ya yule mwanamke ni ya kweli. Bibi akamjibu kwa sauti ya kusikika hata nyuma:

"Ni kweli. Na masikio yako makubwa umeyatoa kwake."

Ndipo alipocheka. Alicheka akishika masikio yake mawili. Kisha akamwendea Mama Feza mbele ya watu wote, akapiga makofi ya taratibu kama wanavyosalimu wakubwa, akasema, "Mama, lima. Kaburi hamna. Lakini matuta yako yamekanyagwa."

"Yamekanyagwa, Ba Chanda."

"Jumatatu nitaleta watu."

Alileta watu kumi na wanne, na mbegu za viazi za kwake mwenyewe, na alilima pia, vibaya sana. Mama Feza alimfuata nyuma akirekebisha matuta yake bila kumwambia. Pasta Mwepu alikuja na waimbaji, safari hii na majembe.

Muhula ulipokwisha nilistaafu. Walinipa kikwembe, mbuzi, na hotuba ndefu mno. Muda mfupi baadaye akaja mtu wa jumba la makumbusho, kijana mwenye miwani na fomu nyingi. Mama Feza na Ba Chanda walikuwa wamekubaliana msalaba ukahifadhiwe huko, mradi wanafunzi wetu waende kuutazama. Tuliketi nyumbani kwa Mama Feza, bukari na samaki wa kukaanga mezani, na kijana akaanza kujaza fomu. Aliyekiona: Mama Feza. Mahali: Mantapala. Nchi kilikotoka.

Akanyanyua kalamu. "Niandike Zambia?"

"Ilitoka kwetu Kongo," Mama Feza akasema.

"Ilipatikana kwetu," Ba Chanda akasema.

"Wakati ule hapakuwa na Zambia wala Kongo," Aline akasema, akigawa samaki. "Tulifanya ile mu darasa."

Kijana akanitazama kama mwanafunzi anayeomba jibu. Nilikuwa na jibu refu, lenye mikutano ya Ulaya na ramani na kila kitu. Lakini Ba Chanda na Mama Feza walikuwa wameanza kushauriana, mkuu kwa Kibemba, mama kwa Kiswahili, na walielewana vizuri. Mwishowe Ba Chanda akagonga fomu kwa kidole chenye mafuta ya samaki.

"Andika Mweru."

"Mweru ni ziwa, mukwai. Si nchi."

"Kijana," Mama Feza akasema, "andika, kisha ukule. Samaki inapoa."

Akaandika. Aliomba pia shahidi mmoja atie sahihi, jina na kazi yake. Nikaichukua kalamu, nikaandika Kabange, na katika nafasi ya kazi nikaandika mwalimu wa historia. Nilikuwa nimestaafu siku tisa zilizopita. Wote waliokuwa mezani waliona nilivyoandika, na hakuna aliyenisahihisha.